MACHO HAYAPIMI
Somo juu ya kutambua na kutibu Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kiliomba kila kidato kitoe makala ya mafunzo. Kuna waliochagua ngeli, kuna waliochagua methali. Mimi nimechagua jambo ambalo tunalisikia kila siku, lakini likitajwa darasani tunacheka, tunatazama chini, ama tunageuza maneno. Nataka kueleza jinsi magonjwa ya zinaa, pamoja na Ukimwi, yanavyotambuliwa na yanavyotibiwa.

Kwa nini nimechagua haya? Sisi wa shule ya kutwa hutembea pamoja jioni tukirudi nyumbani, na njiani husikii haba. "Yule hawezi kuwa na kitu, si unaona alivyo mnono?" "Yule mwingine amekonda, shauri yake." Basi hivyo ndivyo tunavyopimana: kwa macho. Funzo langu leo ni moja tu, na nitalirudia mpaka mlikariri: macho hayapimi. Anayetaka kujua sharti apimwe, na anayetaka kutibiwa sharti afuate dawa kama alivyoagizwa.

1. TUANZE NA MANENO

Sisi ni watu wa lugha, kwa hivyo tusichanganye maneno. Ukimwi ni kifupisho cha Ukosefu wa Kinga Mwilini. Virusi vya Ukimwi, ambavyo huandikwa VVU, ni vijidudu vidogo sana vinavyoleta hali hiyo. Mtu anaweza kuwa na VVU kwa miaka mingi bila kuwa na Ukimwi. Ni kama mchwa na nyumba: mchwa wanaweza kuingia leo, na nyumba ikaanguka baada ya miaka mingi, ama isianguke kabisa wakidhibitiwa mapema.

Virusi hivi hushambulia chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo ni kama askari wa mwili. Mtu mzima mwenye afya huwa na askari hao kati ya 500 na 1500 hivi katika tone la damu lenye ujazo wa milimita moja. Wakishuka chini ya 200, maradhi mengine kama kifua kikuu huingia kwa urahisi.

Dunia ilianza kusikia habari za ugonjwa huu mwaka 1981 kutoka Marekani. Mwaka 1983 virusi vyenyewe viligunduliwa Paris, Ufaransa, na Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao. Hapa Kenya mgonjwa wa kwanza alitambuliwa mwaka 1984, na Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa. Katikati ya miaka hiyo watu wengi walikufa bila kujua wanaumwa nini. Sehemu za Nyanza wengine walidhani ni chira, yaani balaa inayompata mtu aliyevunja mila, wakatafuta tiba huko.

Sasa haya magonjwa mengine. Tunaweza kuyagawa mafungu mawili:

(a) Yanayopona kabisa kwa dawa: kaswende (wazee wengine huita sekeneko), kisonono, klamidia, pangusa na trikomona.

(b) Yanayoletwa na virusi: VVU, homa ya ini ya aina ya B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya papiloma ambavyo vinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi. Mengi ya haya hudhibitiwa kwa dawa ama huzuiwa kwa chanjo. Tangu 2019, kwa mfano, Kenya imekuwa ikiwachanja wasichana kuanzia umri wa miaka 10 dhidi ya virusi vya papiloma.

Msifikiri ni magonjwa ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni moja huambukizwa mojawapo ya yale yanayopona.

2. KWA NINI MACHO HUDANGANYA

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hebu tuone jinsi magonjwa haya yanavyojificha.

VVU: Wiki mbili hadi nne baada ya kuambukizwa, wengine hupata homa, koo kuuma, vipele na tezi kuvimba. Mtu anasema, "Ah, hii ni malaria," anameza vidonge, homa inaisha. Wengine hawapati hata hiyo. Baadaye hukaa miaka mingi, pengine kumi, akiwa mzima kwa kumtazama. Anacheza mpira, analima, ananenepa. Lakini anaweza kuambukiza.

Kaswende: Baada ya wiki tatu hivi hutokea kidonda kisichouma. Kwa sababu hakiumi, mtu hajali. Baada ya wiki chache kidonda hupona chenyewe, na hapo ndipo mtego ulipo, maana ugonjwa haujapona. Umeingia ndani tu. Baadaye huja vipele, hata kwenye viganja na nyayo, navyo pia huondoka. Kisha kimya. Miaka ikipita unaweza kushambulia moyo, ubongo na macho.

Kisonono: Mwanamume mara nyingi huhisi moto akikojoa na kutoa usaha siku mbili hadi saba baada ya kuambukizwa. Lakini wanawake wengi hawaoni dalili yoyote. Klamidia ndiyo kimya zaidi, kwa wote. Yasipotibiwa, haya mawili yanaweza kuharibu mirija ya uzazi hata mwanamke asipate mtoto. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto machoni wakati wa kuzaliwa. Kwa sababu hiyo watoto wachanga hutiwa dawa ya macho mara tu wanapozaliwa.

Macho hudanganya upande wa pili pia. Mtu aliyekonda anaweza kuwa na kifua kikuu, kisukari, njaa ama mawazo ya karo. Msichana anayewashwa ama kutokwa na uchafu mweupe anaweza kuwa na kuvu tu, ugonjwa ambao hata asiyewahi kumjua mwanamume huupata. Anayehisi maumivu akikojoa anaweza kuwa na maambukizi ya kibofu. Kwa hivyo, wasichana wenzangu na wavulana pia, tusimhukumu mtu kwa kuonekana kliniki. Kuna wasichana wanaovumilia maumivu muhula mzima kwa kuogopa kuambiwa "umetoka wapi". Huo ni ukatili, tena ni ujinga.

3. JINSI VVU VINAVYOPIMWA

Wengi wetu tunaogopa kipimo kwa sababu hatujui kinafanywaje. Haya basi, nisikilizeni.

Kwanza mshauri huzungumza nawe faraghani. Anakueleza kipimo ni nini na anakuuliza kama umekubali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inakataza kumpima mtu kwa nguvu, na inataka majibu yake yawe siri. Pili, hukuchoma ncha ya kidole, anachukua tone moja la damu na kuliweka kwenye kikaratasi kigumu pamoja na maji ya dawa. Tatu, mnangoja dakika 15 au 20 hivi.

Mstari mmoja ukitokea mahali pa kuthibitisha, maana yake kipimo kimefanya kazi na hakikuona dalili ya virusi. Mistari miwili ikitokea, kimeona kitu, na lazima vipimo vingine vifuate. Mstari wa kuthibitisha usipotokea kabisa, kipimo hicho kimeharibika, kinatupwa na kurudiwa. Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu asiambiwe ana VVU mpaka vipimo vitatu vya aina tofauti, kimoja baada ya kingine, vikubaliane. Kwa hivyo mstari mmoja wa ziada si hukumu.

Je, kipimo hicho huona virusi? Kwa kawaida la. Huona kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukishaingiliwa. Silaha hizo huchukua muda kutengenezwa: kwa wengi ni wiki kadhaa, na kwa wengine hufika miezi mitatu. Muda huo huitwa kipindi cha dirisha. Mtu aliyeambukizwa juzi akipimwa leo ataambiwa hana, kumbe anacho. Kwa hivyo hushauriwa arudi baada ya miezi mitatu.

Mtoto mchanga ni tofauti. Huzaliwa na kingamwili za mama yake, nazo zinaweza kukaa mwilini mpaka karibu miezi 18. Kipimo cha kawaida kinaweza kusema anazo, naye hana virusi. Kwa sababu hiyo watoto waliozaliwa na akina mama wenye VVU hupimwa kwa njia inayotafuta virusi vyenyewe, kuanzia wiki ya sita hivi.

Tangu 2017 kuna pia vifaa vya kujipima mwenyewe hapa Kenya. Aina moja hupitishwa kwenye ufizi. Watu wengine wakaanza kusema, "Ala! Kumbe Ukimwi uko kwenye mate!" Hapana. Kinachotafutwa pale ni kingamwili, na mate hayaambukizi VVU. Ukijipima na kikaonyesha mistari miwili, usijitangazie kifo. Nenda kituo cha afya uthibitishiwe.

4. JINSI MAGONJWA MENGINE YANAVYOTAMBULIWA

Kaswende nayo hupimwa kwa damu. Kila mama mjamzito anapoenda kliniki hupaswa kupimwa kaswende pamoja na VVU, kwa maana kaswende inaweza kuua mtoto tumboni. Kisonono na klamidia hupimwa kwa mkojo ama kwa uchafu unaochukuliwa kwa pamba na kupelekwa maabara.

Taabu ni kwamba mashine za kupima klamidia ni ghali, na zahanati nyingi hazina. Kwa sababu hiyo wahudumu hutumia njia ya kutibu kwa kundi la dalili. Mgonjwa akija na usaha, anapewa dawa za magonjwa yote yanayoleta usaha. Akija na kidonda, anapewa za yale yanayoleta vidonda. Njia hii ina faida: mgonjwa hutibiwa siku hiyo hiyo, hatumwi mbali wala haambiwi arudi wiki ijayo. Lakini ina upungufu wake. Asiye na dalili haji kliniki, na hata akija haonekani ana nini. Unaona tumerudi pale pale? Hata macho ya daktari hayatoshi. Ndiyo maana mtu aliye na wasiwasi aeleze ukweli wote, hata kama hahisi kitu.

5. MATIBABU: DAWA IMALIZWE, NA MWENZAKO ATIBIWE

Kaswende ya mapema huponywa kwa sindano ya penisilini ya muda mrefu, mara nyingi moja tu. Ajabu, sivyo? Ugonjwa unaoweza kupofusha mtu unaondolewa na sindano moja ukijulikana mapema.

Kisonono kina historia ya ujanja. Penisilini ilikuwa ikikiua, kikazoea. Tetrasaiklini nayo ikashindwa. Siprofloksasini ilipokuja, nayo ikapoteza nguvu sehemu nyingi. Leo madaktari hutegemea zaidi sindano ya seftriaksoni. Kilichofundisha vijidudu hivi ujanja, kwa sehemu kubwa, ni sisi wenyewe kutumia dawa ovyo. Tuchukue mfano wa kijana anayeona usaha. Anaogopa hospitali kwa sababu nesi anamjua mama yake. Anaenda duka la dawa, ananong'ona, anauziwa vidonge vichache kulingana na pesa alizo nazo. Siku ya pili moto unapungua. Anaacha, vingine anamgawia rafiki yake. Vijidudu dhaifu vimekufa, sugu vimebaki. Sasa huyo kijana ana ugonjwa mgumu kuliko wa kwanza, na rafiki yake pia hajapona.

Tena, tuseme amemaliza dawa vizuri lakini hakumwambia mpenzi wake. Baada ya wiki chache ugonjwa unarudi, naye analalamika dawa ni bandia. Dawa si bandia. Amekausha sakafu na mfereji bado unamwaga maji. Wote wawili lazima watibiwe, na wajizuie mpaka wote wamalize na wahudumu waseme sasa ni sawa.

Kwa upande wa VVU, hakuna bado dawa ya kuviondoa kabisa ambayo mtu anaweza kupewa kliniki. Lakini kuna dawa za kuvifunga. Ya kwanza ilikubaliwa mwaka 1987. Tangu 1996 madaktari walianza kutumia dawa tatu kwa pamoja, na vifo vikapungua sana mahali zilipopatikana. Hapo awali mtu alingojea mpaka askari wake wa CD4 wapungue ndipo apewe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayepatikana na VVU aanze dawa mara moja, na Kenya ikafuata mwaka 2016. Leo wengi hapa nchini humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovira, lamivudini na dolutegraviri.

Mgonjwa akizimeza kila siku, hupimwa wingi wa virusi kwenye damu. Vikishuka mpaka kipimo hakivioni, na vikabaki hivyo, hawezi kumwambukiza mpenzi wake kwa kujamiiana. Mama naye anayemeza dawa vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Lakini akiruka siku, virusi huamka na kujifunza dawa, kama vile kisonono kilivyofanya.

Kwa hivyo jihadharini na wanaotangaza kuponya. Mwaka 1990 hapa Kenya dawa iitwayo Kemron ilishangiliwa sana, lakini majaribio yaliyofuata hayakuonyesha kwamba inasaidia. Mwaka 2011 watu kwa maelfu, hata kutoka Kenya, walifunga safari kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha Babu. Wengine waliacha dawa zao za hospitali. Mtu aombe, anywe miti shamba akitaka na daktari wake ajue, lakini kidonge asikiache.

6. KIDONDA NI MLANGO

Magonjwa haya husaidiana. Kidonda cha kaswende ama pangusa ni mlango wazi, na VVU hupita hapo kwa urahisi. Mwaka 1995 watafiti walitangaza matokeo ya kazi yao mkoani Mwanza, Tanzania. Katika sehemu ambazo zahanati ziliimarishwa kutibu magonjwa ya zinaa, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko sehemu nyingine. Utafiti wa Rakai, Uganda, uliotangazwa mwaka 1999, ambapo watu wote walipewa dawa kwa pamoja kila baada ya miezi kadhaa, haukuonyesha upungufu kama huo. Wataalamu walijadiliana sana juu ya tofauti hiyo. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba kidonda huongeza hatari. Kwa hivyo anayetibiwa kisonono ama kaswende apimwe na VVU siku hiyo hiyo.

7. SAA 72

Hili nawaomba mlikariri kuliko yote. Mtu akibakwa, ama akichomwa na sindano iliyotumiwa, ama akiwa na sababu nyingine ya kuogopa kwamba ameambukizwa, kuna dawa za kuzuia VVU visishike. Sharti zianzwe kabla ya saa 72 kwisha, na mapema zaidi ndivyo bora. Humezwa siku 28 bila kuruka. Aliyebakwa aende hospitali kwanza, na ikiwezekana asioge wala kubadilisha nguo kabla ya kuonwa, kwa sababu ya ushahidi. Hapo atapewa pia kinga ya magonjwa mengine na, kama ni msichana, ya mimba. Si kosa lake. Amwambie mtu mzima anayemwamini, awe mama, shangazi ama mwalimu. Akikaa kimya siku nne kwa aibu, mlango huo wa dawa umefungwa.

8. MWENZAKO WA DAWATI

Mwisho, niseme juu ya wenzetu. Kuna vijana wa rika letu waliozaliwa na VVU. Hawakufanya lolote. Wanasoma nasi, wengine wanatushinda mitihani. Kidonge chao ni cha kila siku, likizo na muhula. Kinachowafanya waruke siku mara nyingi si ukali wa dawa, ni macho yetu. Tukimwona mtu na kichupa tunauliza, "Ni za nini hizo?" Siku inayofuata anakiacha nyumbani, hasa tukiwa na safari ya mashindano ya kulala nje. Kwa swali letu moja tumemsaidia adui wake.

VVU haviambukizwi kwa kuketi dawati moja, kusalimiana kwa mkono, kula sahani moja, choo, wala kuumwa na mbu. Basi ukimwona mwenzako anameza dawa, mpe maji, nyamaza.

HITIMISHO

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwetu sisi wanafunzi njia iliyo salama zaidi ni kungoja. Kwa asiyengoja, kondomu inayotumiwa vizuri kila mara hupunguza hatari sana. Lakini ikiwa mtu tayari ana wasiwasi, asijipime kwa kioo wala asipimwe na wenzake njiani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na akiambiwa anacho, akumbuke kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Macho hayapimi. Nendeni mkapimwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya VVU na Ukimwi.
2. Kwa nini kupona kwa kidonda cha kaswende si kupona kwa kaswende?
3. Rafiki yako amepimwa wiki moja baada ya hatari, akaambiwa hana VVU. Utamshauri afanye nini, na kwa nini?
4. Kutibu kwa kundi la dalili kuna faida gani na upungufu gani?
5. Saa 72 ni za nini? Mweleze mtu mmoja nyumbani leo jioni.